Sikukuu Ugenini: Habari za Wapolandi wa Kidugala

Jioni hii twapenda kuzungumza nanyi juu ya mgeni na sikukuu yake. Mtu akiwa kwao, sikukuu humjia yenyewe: kengele hulia, au mwezi huandama, na jirani hubisha hodi. Lakini akiwa mbali, hapana budi aitafute. Mbena aliyekwenda kukata mkonge Tanga au Morogoro aliifanya Krismasi kambini, pamoja na watu wa makabila asiyoyajua. Askari wetu wa Keya waliopelekwa Burma walifika kwenye mto Chindwin mwezi wa Desemba 1944, nao wakaihesabu siku hiyo hiyo katika matope. Na Wairishi, watu wa kisiwa kilicho magharibi ya Uingereza, kila tarehe 17 Machi huikumbuka siku ya Mtakatifu Patrick popote walipo. Huvaa nguo za rangi ya majani mabichi, huimba na kunywa, hata katika miji ya pwani ya Thailand, ambako jua ni kali na wenyeji husimama kando wakitazama.

Lakini hatuna haja ya kusafiri mpaka huko kutafuta mfano. Uko katika nchi ya Wabena, si mbali na Makambako, mahali paitwapo Kidugala.

Makambako twaijua sote. Ni pale barabara itokayo Iringa inapogawanyika, moja ikaenda Mbeya, na ya pili Njombe na Songea. Siku hizi kuna na stesheni ya reli ya TAZARA, iliyojengwa miaka ya 1970. Siku tunazozisimulia reli hiyo haikuwapo, na mtu aliyetaka kufika Kidugala alipanda lori, akala vumbi au akasukuma tope kwa kadiri ya majira. Kidugala penyewe palikuwa misheni ya Walutheri, iliyojengwa na Wadachi wa Misheni ya Berlin kabla ya vita kuu ya kwanza. Vita vya 1939 vilipoanza, wamisionari hao waliwekwa kizuizini kwa kuwa walikuwa raia wa nchi ya adui, na majumba yao yakabaki. Humo ndimo Serikali ya Tanganyika ilimowaweka Wapolandi.

Walitoka wapi? Poland iko katikati ya Ulaya, baina ya Wadachi na Warusi, na jirani hao wawili ndio asili ya taabu zake nyingi. Tarehe 1 Septemba 1939 Wadachi waliishambulia kutoka magharibi. Tarehe 17 ya mwezi ule ule Warusi wakaingia kutoka mashariki. Mwaka 1940 na 1941 Warusi waliwakamata watu wa nchi ya mashariki kwa mamia ya maelfu, aghalabu usiku, wakawapakia katika mabehewa ya mizigo na kuwapeleka Siberia, Kazakhstan na misitu ya kaskazini wakakate miti. Wengi walikufa kwa njaa, kwa baridi, na kwa homa iletwayo na chawa. Kisha Wadachi wakawageukia Warusi wenyewe, Juni 1941, na Warusi wakakubali kuwafungulia Wapolandi. Mwaka 1942 waliosalia walivuka bahari ya Kaspi mpaka bandari ya Pahlavi katika Uajemi, yaani Iran. Wanaume wenye nguvu waliingia katika jeshi la Jemadari Anders. Wanawake, watoto na wazee wakatafutiwa mahali pa kukaa, na wapata 18,000 wakaletwa Afrika ya Mashariki na ya Kusini. Kambi kubwa ilikuwa Tengeru, karibu na Arusha, yenye watu wapata 5,000. Uganda walikaa Masindi na Koja. Wengine walipelekwa Morogoro, Kondoa, Ifunda karibu na Iringa, na mamia kadhaa wakafika Kidugala.

Hapo wenyeji waliona jambo jipya. Mzungu aliyejulikana Njombe siku zile alikuwa wa namna tatu: Bwana Shauri wa bomani, mmisionari, na mwenye shamba. Wapolandi hawakuwa hata mmoja kati ya hao. Walikuwa akina mama waliovaa nguo za msaada, wakifua wenyewe na kupalilia bustani wenyewe, na watoto waliokuwa wamekwisha kuzika wazazi wao njiani. Walikula chakula walichopimiwa na Serikali. Walisema Kiingereza kidogo au hawakukijua kabisa, hata baadhi yao wakajifunza maneno ya Kiswahili kwanza, kwa kuwa ndiyo waliyoyahitaji kwa mwuza kuni na mwuza mayai. Wakubwa wa Serikali hawakuyapenda sana mambo haya. Utawala wao ulisimama juu ya umbali baina ya mweupe na mweusi, na sasa Mwafrika alikuwa akimwona mtu mweupe amekimbia, hana nchi, na anahesabiwa sahani. Sisi twadhani Wabena walijifunza mengi kwa macho yao bila mwalimu.

Basi watu hao walifanyaje sikukuu zao? Kambini walikuwa na kanisa lao, maana walio wengi ni Wakatoliki, na shule zao, na skauti wao, na waliishika kalenda yao bila kuruka siku.

Usiku mkubwa kwao ni ule wa kuamkia Krismasi. Wapolandi hawali nyama siku hiyo. Hufunga mpaka jua lichwe, na watoto hutumwa nje kuangalia nyota ya kwanza. Ikionekana, ndipo watu huketi mezani. Chini ya kitambaa cha meza huwekwa nyasi kavu kukumbuka hori alimolazwa Bwana Yesu. Kabla ya kula, kila mtu hushika kipande cha mkate mwembamba kama karatasi, mfano wa ule wa altareni, akakivunja pamoja na mwenziwe, na kila mmoja humtakia mwingine heri na kumsamehe yaliyopita. Kisha huja vyakula, kwa desturi kumi na viwili: supu ya kiazi chekundu, kabichi, uyoga, samaki, na vitu vya unga wa ngano.

Sasa fikirini usiku huo Kidugala. Poland mwezi wa Desemba nchi huwa nyeupe kwa theluji. Njombe ni masika, mahindi yamechipua na mawingu yamefunika mbingu. Hiyo nyota ya kwanza iliweza kujificha usiku kucha, na watoto wenye njaa wangengoja nini? Hata mbingu ikiwa wazi, nyota hazikuwa zile za kwao. Nyota ya kaskazini, ambayo huko Ulaya haichwi kamwe na wasafiri huitegemea, haionekani kabisa kutoka nchi ya Wabena, kwa kuwa imezama chini ya upeo. Uyoga haukuwa shida, maana mvua za nyanda zetu huuotesha, na Mbena aujua vema. Kabichi na viazi hustawi. Lakini samaki, aliye mkuu katika meza ile, mtu wa Makambako ajua alivyo adimu mahali palipo mbali na ziwa.

Iko desturi moja zaidi ya usiku ule, nayo ndiyo iliyotugusa kuliko zote. Mezani huachwa kiti kitupu na sahani tupu kwa ajili ya mgeni asiyetazamiwa. Mtu akibisha hodi usiku huo, awe maskini au mpita njia, hafukuzwi, mahali pake pamekwisha kuandaliwa. Kidugala kila nyumba ilikuwa na mtu wake asiyekuwapo: baba aliyekuwa jeshini, kaka aliyepotea Siberia, nyanya aliyezikwa Uajemi. Kiti kitupu huko kwao kilikuwa cha mtu asiyejulikana. Hapa kilikuwa na jina.

Pasaka ilikuwa nyepesi zaidi. Jumamosi Kuu hupeleka kanisani kikapu chenye mkate, chumvi, nyama na mayai, padre akakibariki. Mayai hupakwa rangi na kuchorwa, na maganda ya vitunguu yakichemshwa hutoa rangi nzuri ya kahawia. Vitunguu na mayai ni vile vile Poland na Njombe. Jumatatu ya Pasaka vijana humwagiana maji, wavulana wakiwavizia wasichana kwa ndoo. Yeyote aijuaye baridi ya asubuhi ya Njombe atawahurumia wasichana hao.

Lakini tumekusudia hasa kuwaeleza siku ya 3 Mei. Siku hiyo, mwaka 1791, baraza la Poland lilipitisha katiba, ya kwanza ya namna yake katika Ulaya, ya kuutengeneza ufalme uliokuwa umelegea. Haikudumu. Warusi, Waprusia na Waaustria waliigawanya nchi yote, na tangu 1795 mpaka 1918, miaka 123, Poland haikuwamo katika ramani. Watu walizaliwa, wakazeeka na kufa wakiwa raia wa wafalme wageni. Tarehe 3 Mei waliikumbuka kwa siri, na nchi ilipofufuka 1918 ikafanywa sikukuu ya taifa.

Katika kambi za Afrika siku hii ilifanywa kwa fahari yote iliyowezekana: misa, bendera nyeupe juu na nyekundu chini, watoto wa shule na skauti katika mistari, nyimbo na mashairi. Kwao ni mwezi wa maua. Hapa mvua zinakwisha na baridi inaanza kuuma. Mei 1944 ilikuwa na matumaini. Tarehe 18 ya mwezi ule jeshi la Anders liliteka kilima cha Monte Cassino katika Italia, baada ya majeshi mengine kushindwa mara kwa mara. Hao washindi ndio waume na baba na kaka za watu wa Kidugala, na ilionekana kwamba njia ya nyumbani imefunguka.

Haikufunguka. Februari 1945 wakubwa watatu, Churchill, Roosevelt na Stalin, walikutana Yalta, wakakubaliana kwamba nchi za mashariki ya Poland ziwe za Warusi. Watu wa Kidugala wengi walitoka huko huko. Julai 1945 Uingereza iliacha kuitambua serikali ya Poland iliyokuwa London, ikaitambua ile iliyosimamishwa Warsaw chini ya mkono wa Warusi. Hivyo vita vilikwisha, walioshinda wakashangilia, na mama aliyeketi Kidugala akajua kwamba kijiji chake sasa ki katika nchi nyingine, ile ile iliyompeleka Siberia.

Hapo ndipo sikukuu ilipogeuka. Serikali mpya ya Warsaw haikuitaka 3 Mei. Mwaka 1946 wanafunzi wa mji wa Kraków walioandamana siku hiyo walitawanywa kwa nguvu na wengi wakakamatwa. Mwaka 1951 sikukuu ikafutwa kwa sheria, isirudishwe mpaka 1990. Basi yawezekana mtoto aliyefukuzwa kwao akaimba nyimbo za 3 Mei hadharani katika Tanganyika, nchi isiyokuwa yake wala isiyotawaliwa na wenyewe, na mwenziwe aliyebaki nyumbani akafungwa kwa kuziimba. Twauliza, kati ya hao wawili, ni yupi aliyekuwa ugenini?

Jambo la namna hii si la Wapolandi peke yao. Tumewataja Wairishi. Njaa kuu iliyoanza 1845 iliua watu wapata milioni moja katika Ireland, na wengine zaidi ya milioni moja wakahama. Maandamano ya siku ya Mtakatifu Patrick yalifanywa New York tangu 1762, na serikali ya Ireland haikuwa na maandamano yake Dublin mpaka 1931. Kwa hiyo fahari ya sikukuu ile imekuzwa ugenini kwanza, kisha ikarudi nyumbani. Na Patrick mwenyewe hakuwa Mwirishi. Alikuwa kijana wa Uingereza aliyetekwa na kupelekwa Ireland utumwani, akachunga mifugo huko.

Wapolandi wa Kidugala hawakukaa sana. Kabla ya miaka ya 1940 kwisha, kambi za huku zilianza kufungwa. Wachache walirudi Poland. Wengi waliogopa, wakaenda Uingereza, Canada na Australia kuanza tena. Mwaka 1949 mayatima zaidi ya mia walitolewa Tengeru wakapelekwa Canada. Misheni ya Kidugala ikarudi katika kazi yake, na mpaka leo iko shule ya Walutheri hapo.

Waliobaki ni wale waliozikwa. Kidugala liko kaburi lao, lenye majina ambayo ulimi wa Kiswahili hupata taabu kuyatamka. Tarehe 1 Novemba, katika Poland yote, watu huenda makaburini jioni na kuwasha mishumaa juu ya kila kaburi, hata lile la mtu wasiyemjua, mpaka uwanja mzima unang'aa kama mji. Tarehe hiyo hiyo huku Njombe wakulima wanatifua mashamba na kuitazama mbingu ya upande wa mvua.