Vijana Wetu na Elimu ya Fedha Katika Simu

(Hotuba iliyotolewa mbele ya vijana na wazazi baada ya sala ya Alasiri)



Tumetakiwa kusema machache juu ya jambo ambalo mimbari zetu hazilitaji mara kwa mara, nalo ni namna kijana anavyojifunza kuitumia fedha. Zamani alijifunza dukani kwa mjomba wake au sokoni na mama yake, na mkopo wake wa kwanza aliuomba kwa mtu anayemjua uso. Leo mkopo umo mfukoni mwake. Nchini Kenya huduma ya M-Shwari ilianza Novemba 2012, nayo Tanzania ikapata M-Pawa mwaka 2014. Baadaye zikamiminika programu za kila jina, na kijana akaweza kukopa usiku wa manane pasipo mtu yeyote kumwuliza fedha ni za nini. Mkopo umetangulia kuingia katika simu; somo la kumfundisha kijana kuupima mkopo huo limechelewa sana.

Sisi hatuipigi vita simu. Simu iliyoleta deni yaweza pia kuleta elimu, na wako walioanza. Huko Marekani, taasisi ya Khan Academy iliyoasisiwa na Salman Khan mwaka 2008 hufundisha hisabati bila malipo kwa njia ya intaneti, na pia huwafundisha vijana bajeti, mikopo na akiba. Hapa jirani, Nairobi, kampuni ya Arifu (na jina lenyewe ni Kiswahili chetu) iliandaa masomo mafupi ya ujumbe wa simu, ambayo mtu mwenye simu ndogo ya kubonyeza aliweza kuyapata; kwa njia hiyo wakulima waliojiunga na DigiFarm tangu mwaka 2017 walifundishwa mambo ya kilimo na fedha. Hizi ni juhudi njema. Lakini masomo ya Marekani humweleza kijana habari za kodi ya Marekani na kadi za benki za Marekani. Kijana wa Mbagala au Tanga ana maswali mengine, na tusipoyajibu sisi, atajibiwa na mkopeshaji.

Natuyatazame maswali hayo. Kijana mmoja alitujia baada ya sala ya Ijumaa, simu mkononi, uso umemshuka. Aliomba shilingi 100,000 katika programu moja ya mikopo. Zilizoingia katika simu yake zilikuwa 75,000, kwa kuwa ile iliyoitwa ada ya huduma ilikatwa mwanzoni, naye akatakiwa kurudisha 100,000 kamili baada ya siku 7. Tulipomwuliza ametozwa kiasi gani, akajibu, asilimia 25. La! Hakukopeshwa 100,000, alikopeshwa 75,000, akatozwa 25,000 juu yake. Hiyo ni theluthi ya fedha alizozishika, tena kwa wiki moja. Benki Kuu ya Tanzania imewawekea wakopeshaji wadogo wasiopokea amana kikomo cha riba cha asilimia 3.5 kwa mwezi, ambacho kwa 75,000 ni shilingi 2,625 kwa mwezi mzima. Hatuitaji hesabu hii ili kuihalalisha riba, maana riba ni haramu ikiwa ndogo na ikiwa kubwa. Twaitaja ili kijana aone alivyonyolewa bila maji.

Hata ada inayoonekana ndogo haina budi kupimwa kwa siku zake. M-Shwari ilianza kwa ada ya asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30. Mwenye kukopa 10,000 hulipa 750 ya ziada, na moyo humwambia kwamba si kitu. Lakini akilipa leo na kukopa tena kesho, mwezi baada ya mwezi, mwaka ukiisha ametoa 9,000, na deni la 10,000 liko palepale.

Kisha kuna aibu. Baadhi ya programu hizo humtaka mkopaji aziruhusu kusoma majina yote yaliyomo katika simu yake, naye hubonyeza "kubali" bila kusoma. Siku ya kulipa ikipita, ujumbe hutumwa kwa mama mkwe, kwa mwalimu, kwa mwajiri, hata kwa imamu. Watu wetu wameipa mikopo ya namna hii jina la kausha damu, na hatuoni jina linaloifaa zaidi. Mwaka 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa mwongozo kwa wakopeshaji wa kidijitali, na mwezi Novemba mwaka huohuo ikatangaza programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Kijana aliyefundishwa angetafuta leseni kwanza. Asiyefundishwa hutafuta ile inayotoa fedha upesi.

Katika maswali yote, linalowahusu wengi mtaani ni lile la pikipiki, nasi tutalikalia kidogo. Kijana huchukua bodaboda kwa mkataba. Tuseme pikipiki dukani ni shilingi 2,800,000, naye ameafikiana na mwenyewe kupeleka hesabu ya 10,000 kila siku kwa siku 425, kisha iwe mali yake. Atakuwa ametoa 4,250,000. Je, hiyo ni riba? Kuuza kitu kwa bei ya malipo ya baadaye, bei ikajulikana na pande zote mbili zikaridhika, ni biashara, na wanazuoni wengi wameikubali; aliyenunua pikipiki ameibeba hatari ya mali yake. Hatari ni kwamba kijana hakuambiwa ile 4,250,000. Aliambiwa 10,000 tu. Hakuuliza siku ya mvua inahesabiwaje, wala akiugua wiki mbili itakuwaje, wala pikipiki ikichukuliwa katika mwezi wa 12 malipo yake ya nyuma yanakwenda wapi. Hakutenga fedha ya matairi na oili. Jioni hushika 25,000, akaona amepata 25,000. Akiondoa hesabu, mafuta na chakula cha mchana, huenda iliyo yake ni 6,000. Kuyajua mauzo na faida kuwa ni vitu viwili ni elimu ya nusu saa, na kuikosa kumewarudisha vijana wengi kijijini mikono mitupu.

Mapokeo yetu hayakulinyamazia jambo hili. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani Tukufu, ya 282 ya Sura Al-Baqara, haizungumzii sala wala saumu. Inazungumzia kuandikiana deni, muda wake na mashahidi wake. Naye Mtume s.a.w. aliletewa jeneza la mtu mwenye deni la dinari chache asiyeacha cha kulipia, akawaambia masahaba wamsalie wenyewe, mpaka Abu Qatada r.a. alipojitwisha deni lile. Tukiisoma habari hiyo, twajiuliza ni majeneza mangapi ya vijana wetu yatakayofikishwa mbele yetu yakiwa na madeni yaliyomo ndani ya simu, ambayo wazazi hawajui hata neno la siri la kuifungua.

Kusema riba ni haramu na kuteremka mimbarini hakutoshi. Kijana huitikia kwa kichwa, na usiku, mtoto akishikwa na homa, hubonyeza. Aonyeshwe mlango mwingine. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa mwaka 2023, ikarejeshwa mwaka 2024, na ni vikundi vichache vya misikiti yetu vilivyojiandikisha. Amana Bank imekuwa ikifanya kazi bila riba tangu mwaka 2011. Aliyesomeshwa kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo naye ajue kwamba mshahara wake wa kwanza utakatwa asilimia 15 kabla hajaahidi kujenga au kuoa.

Basi tumeafikiana na viongozi wa vijana kwamba masomo haya yatungwe kwa Kiswahili, kila somo lisizidi dakika tano, litumwe katika simu kwa sauti na kwa maandishi mafupi, kwa kuwa bando nalo ni fedha. Masomo yatatumwa kwa mabinti pia, maana wao ndio washika daftari wa VICOBA. Na kila Jumamosi baada ya Isha somo la wiki litapitiwa msikitini, ili asiye na simu asiachwe nyuma. La kwanza ni hesabu ya mkopo. Kila mmoja aje na kalamu, na mwenye deni katika simu aje na simu yake. Hatutamtaka alitaje mbele ya watu, tutampa karatasi alikokotoe mwenyewe.