Utunzaji wa Betri katika Chombo cha Injini

Mazungumzo ya leo yawahusu manahodha, wenye vyombo, na vijana wanaojifunza kazi ya injini huku pwani na katika maziwa yetu. Nataka kusema nanyi habari za betri, kitu kisichotoa sauti wala kuonyesha kazi yake, lakini ambacho kikipuuzwa huweza kuharibu mitambo yenye thamani kubwa kuliko chenyewe.

Watu wengi hudhani kwamba betri ikifa, hasara ni betri tu. Sivyo. Betri dhaifu huweza kuunguza stata, yaani mota ndogo inayoiamsha injini. Na waya uliolegea huweza kuunguza altaneta, yaani ule mtambo unaozungushwa na injini kwa mkanda ili kuirudishia betri nguvu. Tena haya yakitokea baharini wakati wa kusi, na abiria wamo chomboni, shida haipimwi kwa fedha. Chombo kisicho na injini huchukuliwa na mkondo, na pampu ya umeme ya kutoa maji ngamani nayo husimama.

Yafaa kwanza tufahamu betri ni kitu gani. Betri ya namna hii ilibuniwa na Mfaransa, Gaston Planté, katika mwaka wa 1859, na asili yake haikubadilika: ni mabamba ya risasi yaliyozamishwa katika maji yenye asidi kali. Betri ya volti 12 ina vyumba 6, na kila chumba hutoa volti 2 na kidogo zaidi. Betri inapotoa umeme, mabamba yake huingiwa na utando mweupe mfano wa chokaa. Inapochajiwa, utando ule huondoka. Lakini betri ikiachwa muda mrefu bila chaji, utando huwa mgumu wala hautoki tena. Ndiyo maana chombo kilichopandishwa pwani miezi mingi hukutwa betri yake imekufa, ingawa hakuna aliyeitumia.

Sasa tutazame jinsi stata inavyoharibika. Tuseme nahodha ataka kuondoka alfajiri, na betri haina nguvu ya kutosha. Injini yazunguka polepole, haiwaki. Yeye ashikilia ufunguo tu, akitumaini kwamba itawaka. Hajui ya kuwa mota inayozunguka polepole huvuta umeme mwingi kuliko inayozunguka upesi, na umeme huo hugeuka moto. Nyaya za ndani hupoteza ngozi yake, zikagusana, na stata ikaungua. Basi shikeni kanuni hii: msiwashe kwa zaidi ya sekunde 10 kwa mara moja. Ngojeni dakika mbili ipoe, ndipo mjaribu tena. Ikikataa mara ya tatu, acheni, mkatafute sababu.

Altaneta nayo ina adui wake. Ipo desturi ya kuazimana betri: chombo kimoja huwashwa, kisha betri yafunguliwa injini ikiwa yanguruma, ipelekwe chombo cha pili. Desturi hii ni mbaya sana. Betri ndiyo inayoupokea umeme wa altaneta na kuutuliza. Ikiondolewa ghafula, umeme hupanda kwa nguvu, na vile vipande vidogo ndani ya altaneta viitwavyo diodi hupasuka mara moja. Kichwa cha betri kilicholegea chaweza kuleta hasara hiyo hiyo, maana chombo kikitikiswa na mawimbi waya huachana na betri kisha hurudi. Na mtu akifunga waya wa chanya mahali pa hasi, kazi yote huharibika kabla hajainua mkono. Tazameni alama mara mbili kabla ya kufunga.

Haya sasa ni mambo ya kufanya, nayo hayahitaji fundi.

Kwanza, kila juma tazameni vichwa vya betri. Mkiona unga mweupe au wa kijani, zimeni injini, mfungue waya wa hasi kwanza, msugue, mwoshe kwa maji yenye magadi kidogo bila kuyaacha yaingie ndani ya betri, mkaushe, kisha mkaze na kupaka grisi. Waya wa hasi ndio wa mwisho kufungwa.

Pili, ikiwa betri ni ya kufunguliwa, tazameni maji yake. Mabamba yasiwe wazi kamwe. Ongezeni maji safi ya betri peke yake, si ya kisima wala ya bomba, maana chumvi zilizomo huharibu mabamba. Wala msiongeze asidi.

Tatu, pimeni kwa voltimita. Betri iliyojaa, ikiisha kupumzika saa kadhaa, huonyesha volti 12.6 au zaidi kidogo, ikionyesha 12.2, nusu ya nguvu imekwisha. Injini ikizunguka, kipimo kiwe kati ya 13.8 na 14.4. Kikiwa chini ya 13, kagueni mkanda na waya. Kikipita 15, betri yachemshwa, na kidhibiti cha altaneta kina kasoro.

Nne, chombo kikipumzishwa, fungueni betri mkaihifadhi mahali pakavu, na kuichaji kila mwezi.

Tano, ifungeni betri imara ndani ya sanduku lenye kupitisha hewa, juu ya ngama. Betri inayochajiwa hutoa gesi ya haidrojeni, nayo hulipuka kwa cheche ndogo. Kwa hiyo msivute sigara karibu nayo, wala msiache spana iguse vichwa vyote viwili. Na maji ya bahari yakiingia ndani ya betri hutoa hewa ya sumu iitwayo klorini, yenye kudhuru mapafu.

Wasikilizaji, kazi zote hizi huchukua muda mfupi kuliko kushona tanga lililochanika. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa betri ni kichwa kilicholegea na kikombe cha maji kilichosahauliwa. Ukuta wake ni stata mpya, altaneta mpya, na siku nyingi za chombo kukaa bure watu wakikosa riziki. Mwenye kukagua betri yake leo, kesho ataondoka bandarini bila wasiwasi, na abiria wake watafika.