Ufundi wa Kubeba Kichwani: Maneno ya Kikundi cha Vijana Mafundi, Siku ya Wakimbizi Duniani



Tumeombwa tueleze habari ya mashine ya kukata mapambo ya chuma, ambayo vijana wengi wanaiulizia.

Mashine hii si muujiza. Ni meza ya chuma yenye reli mbili zinazokingamana. Mota ndogo, zenye kuzunguka kwa hatua ndogo ndogo, husukuma bomba la kukatia juu ya bati. Kompyuta huzipa amri kwa mistari ya maandishi: nenda hapa, washa, fuata mviringo, zima. Bombani hupita hewa ya kompresa, na cheche ya umeme huigeuza kuwa plazma yenye joto linaloweza kufikia nyuzi 20,000. Fundi mwenye bidii anaweza kujitengenezea meza hiyo. Mjini Lomé, Togo, mwaka 2013, Afate Gnikou aliunda mashine ya kuchapa vitu vya plastiki kutokana na vyuma na mota za printa na kompyuta mbovu. Njia ya kuziendesha mota ni hiyo hiyo.

Lakini, ndugu zetu, mashine haijui kuchora. Ukikata herufi O kwa mviringo mzima, tumbo lake litaanguka. Lazima uache daraja dogo la chuma. Anayejua hilo ni mchoraji. Kule Haiti, katika mji wa Croix-des-Bouquets, mhunzi Georges Liautaud alitengeneza misalaba ya makaburini hadi kazi yake ikajulikana kuanzia mwaka 1953. Waliomfuata walipasua mapipa ya mafuta, wakayanyoosha kwa nyundo na kuyakata kwa tindo. Hawakuwa na kompyuta wala umeme, na kazi zao zikanunuliwa nchi za mbali.

Pipa moja la lita 200 likifunguliwa hutoa bati la karibu mita 1.8 kwa sentimita 88. Na michoro tunayo: mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja ya wavuvi wa sambaza wa Ziwa Kivu, chukudu la Goma, mlima Nyiragongo. Wageni wanaotembea ufukweni Gisenyi wanavijua vitu hivyo.

Tahadhari, vijana! Pipa tupu ni hatari kuliko lililojaa, kwa sababu mvuke wa mafuta uliobaki hulipuka. Usilitie moto kabla ya kulifungua na kulisafisha. Bati lenye zinki likichomwa hutoa moshi unaoleta homa; kata mahali penye upepo. Mwanga wa plazma huunguza macho. Vaa miwani ya giza.

Sasa neno letu kuu. Nkamira, hapa Rubavu, iliwekwa iwe mahali pa kupita. Wengi walipita wakaenda Kigeme, na baadaye wengine Mahama. Siku ya kupanda gari huwezi kubeba meza ya chuma. Utabeba mkono wako, jicho lako na daftari la michoro. Kwa hiyo tunaomba:

1. Mafunzo yaanze kwa kuchora, kupima na kutumia tindo, mashine ifuate.
2. Mfadhili akileta mashine, iwe ya vipuri vinavyopatikana sokoni, na vijana waifungue na kuifunga wenyewe.
3. Kila mchoro uandikwe jina la aliyeuchora, na bei yake imfikie.
4. Wasichana wapewe nafasi sawa na wavulana, maana kuchora hakuhitaji misuli.

Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Sisi mali yetu ni ufundi, na daftari letu ni michoro. Tusaidieni tulijaze kabla safari haijafika.