Kulinganisha Santuri Mbili

Jioni, kazi ikiisha, huwa twasikiliza nyumbani santuri mbili za muziki mmoja, Goldberg Variations wa Bach, uliochapishwa mwaka 1741. Mpiga piano ni yule yule, Glenn Gould wa Kanada. Ya kwanza aliipiga mwaka 1955, akiwa na umri wa miaka 22. Ya pili mwaka 1981, mwaka mmoja kabla ya kufa kwake.

Ya kwanza yaisha kwa dakika 38 hivi, ya pili 51. Kwa hesabu hiyo tu tulisema vidole vyake vimekuwa vizito, tukamcheka mwenzetu aliyeipenda. Naye hakugombana, alituomba tusikilize tena. Ndipo tulipotambua ya kuwa mara ya pili Gould alirudia sehemu kadha wa kadha ambazo zamani alizipiga mara moja. Lakini wimbo wa kufungua hauna marudio katika santuri yo yote. Nao, uliokuwa chini ya dakika 2, sasa wachukua dakika 3 hivi. Hapo polepole ni ya kusudi, si ya uchovu.

Tulimtaka radhi. Basi, ndugu, saa hupima urefu wa kazi. Uzuri wake hupimwa na sikio lenye subira.