Ubora wa Kazi na Tabia ya Kundi

(Hotuba ya mkufunzi kutoka Kyambogo, Kampala, katika maadhimisho ya Kamati yetu ya Jamii)



Nashukuru kwa mwaliko. Siku kama hii kwa kawaida ni ya ngoma na soda, na kamati inayomwita mtu aje kuipima kazi yake katika siku ya furaha ni kamati yenye moyo. Nimeombwa nizungumze juu ya ubora wa kazi katika vyombo vya watu wengi. Kwa kuwa nimetoka Kyambogo, nitaanzia huko.

Kyambogo ni kilima kilichoko mashariki ya Kampala, karibu na Nakawa. Kwa miaka mingi palikuwa na vyuo mbalimbali hapo. Chuo cha ualimu kilihamia mwaka 1954 kutoka Nyapea. Chuo cha ufundi kilifuata mwaka 1958 kutoka Makerere. Cha tatu, cha elimu maalum, kilichipuka ndani ya kile cha ualimu na kupata sheria yake mwaka 1998. Mwaka 2003 serikali iliviunganisha vyote vitatu, kikazaliwa Chuo Kikuu cha Kyambogo.

Kwenye karatasi, jambo kama hilo humalizika siku moja. Watu hawaunganishwi kwa karatasi. Fundi hupima kazi kwa rula, mwalimu huipima kwa andalio la somo, na anayemfundisha mtoto asiyesikia huipima kwa uso wa mtoto. Kila mmoja ana haki, na kila mmoja anaamini kwamba kipimo chake ndicho kipimo. Waweke katika kikao kimoja, waambie "tufanye kazi bora", wote watapiga makofi, kisha kila mtu atarudi kwenye desturi yake.

Nanyi hamko mbali na hilo. Katika Kamati hii yumo aliyetoka Kivu, yumo wa Ituri, yumo Mrundi, yumo Mnyarwanda. Kila mmoja alikuja na namna yake ya kuketi kikaoni: kwingine kijana hamkatizi mzee, kwingine anayenyamaza amekubali, na kwingine anayenyamaza amekataa! Kabla ya kugombana juu ya kazi, ulizaneni kwanza ukimya wa mwenzenu maana yake nini.

Sasa nije kwenye msemo tunaoupenda sana mikutanoni, kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Ni kweli. Lakini alikuwako Mfaransa mmoja, mhandisi wa kilimo aitwaye Ringelmann, aliyewapa watu kamba waivute huku akipima nguvu zao. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 1913. Watu wanane walipovuta pamoja, kila mmoja alitoa karibu nusu tu ya nguvu alizotoa alipovuta peke yake. Sababu ni mbili. Ya kwanza, hawavuti kwa wakati mmoja. Ya pili, kila mtu anadhani wale saba wanatosha. Ya kwanza mabaharia wetu waliitibu zamani kwa kuimba. Ya pili haitibiki kwa wimbo, inataka kila mtu ajue sehemu yake na ionekane kwamba ameifanya.

Kuna jambo zito kuliko uvivu. Kati ya mwaka 1924 na 1932, katika kiwanda cha Western Electric karibu na Chicago, Marekani, wachunguzi walitazama jinsi wafanyakazi wanavyofanya kazi. Katika chumba kimoja waliwekwa wanaume 14 wakiunganisha nyaya za mitambo ya simu. Malipo yalipangwa hivi kwamba kundi likizalisha zaidi, wote wapate zaidi. Hata hivyo hawakuzalisha zaidi. Walikuwa na kiwango chao cha siku, ambacho hakuna bosi aliyekiandika. Aliyekizidi alichekwa na kupigwa ngumi ya bega. Aliyepungukiwa mno alisemwa vilevile, na aliyepeleka habari kwa wakubwa alionekana msaliti.

Ndugu zangu, naomba tusiwacheke. Kila kundi lina ngumi yake ya bega. Karani wa mgao anayeandika kilo zilizopungua huulizwa jioni, "Wewe unajifanya nani?" Mwanamke anayeuliza hesabu ya mfuko wa pampu huambiwa analeta ukabila. Baada ya mara mbili atanyamaza, na sisi tutasema Kamati ina amani.

Hasara yake tuihesabu kwa maji. Viwango vya Sphere, ambavyo mashirika yanavitumia, vinataka angalau lita 15 kwa mtu mmoja kwa siku, na pampu moja ya mkono isizidi watu 500. Familia ya watu sita inahitaji lita 90, yaani jerikeni nne na nusu za lita 20. Pampu ikikaa siku kumi kwa sababu ya mpira mmoja uliochakaa, kila aliyeitegemea anarudi kinamasini, na kipindupindu hakiulizi nani alikuwa na zamu.

Mara nyingi mpira huo haukuchakaa siku moja. Akina mama waliona mkono wa pampu unakuwa mwepesi na maji yanachelewa kupanda. Waliona wiki mbili kabla, lakini hawakuulizwa, maana fundi ni mwanamume na kamati hukutana mwisho wa mwezi. Wajapani walilielewa jambo hili. Mwaka 1962, kwa msukumo wa Profesa Kaoru Ishikawa, viwanda vyao vilianzisha vikundi vidogo vya wafanyakazi wa sehemu moja, wanaochagua tatizo lao wenyewe, wanalihesabu, wanajaribu dawa, kisha wanahesabu tena. Hawangoji mkaguzi. Nashauri kila pampu iwe na kikundi cha watu sita au saba, wengi wao wakiwa wale wanaoteka, na daftari moja: siku iliyoharibika, nani aliitwa, alifika lini, kilibadilishwa kifaa gani, pesa kiasi gani. Daftari lisomwe kwa sauti palepale kisimani.

Kwa wafanyakazi wa mashirika nina neno pia. Mnakumbuka uhakiki wa mwaka 2018, ambapo Ofisi ya Waziri Mkuu na UNHCR walihesabu upya wakimbizi wote nchini Uganda kwa alama za vidole. Vitabu vilisema wapo kama milioni 1.4, wakapatikana kama milioni 1.1. Wako waliokuwa wamerudi makwao, wako walioandikwa mara mbili, na zilikuwapo tuhuma za udanganyifu. Kazi ile ilikuwa ya lazima. Lakini fikirini ni mikono mingapi iliyopitisha namba zile kabla ya hapo, kila mmoja akiamini kwamba wa mbele yake ameangalia. Ni kamba ya Ringelmann hiyo.

Kwa hiyo mtu wa Kamati akiwaletea habari kwamba gunia limepungua, msimwulize kwanza nani kaiba. Ulizeni limepungua wapi njiani. Akiona kwamba kila taarifa inazaa mshitakiwa, na mshitakiwa huyo ni jirani yake wa ukuta kwa ukuta, hataleta ya pili.

Nimeleta madaftari machache, yako kwa mama mweka hazina. Kurasa za mwanzo nimezipiga mistari. Msiopenda mistari yangu, chora yenu. Sasa naomba maswali, tukianza na akina mama walioketi nyuma.