Kisu Kipya Hulainishwa kwa Subira

Maandishi ya mazungumzo kwa wafugaji, wakulima wa vitalu na wakazi wa Kitengela na Kajiado



Mfugaji anaamka usiku kwa kilio cha mbuzi. Anakwenda zizini na kukuta kamba imemkaza mbuzi shingoni. Mfukoni ana kisu cha kukunja alichonunua Kitengela juzi, na bado ni kigumu. Anavuta ubapa kwa kucha, hautoki. Anauvuta kwa meno. Ubapa unafunguka ghafla na kumkata kidole gumba. Kamba inakatwa mwishowe, lakini kwa siku kadhaa mfugaji huyo hawezi kukamua wala kushika jembe.

Kisa cha namna hii kinaweza kumpata mtu yeyote mwenye kisu kipya. Mzee anayevaa sime hana shida hiyo, kwa maana sime haina kiungo: huchomolewa kwenye ala na kazi huanza. Kisu cha kukunja ni tofauti. Kina kiungo, springi, na mara nyingi komeo la kuzuia ubapa usijifunge. Sehemu hizo zikiwa ngumu, mtu hutumia nguvu. Nguvu ikizidi, mkono huteleza.

Kwa nini kisu kipya huwa kigumu?

Sababu ya kwanza ni mafuta mazito yanayopakwa kiwandani ili chuma kisishike kutu njiani. Kisu kikikaa dukani, mafuta hayo huganda na kushika vumbi. Sababu ya pili ni skrubu au ribiti iliyokazwa kupita kiasi. Ya tatu ni vyuma vyenyewe: ndani ya kiungo kuna mikwaruzo midogo ambayo bado haijasuguana ikawa laini.

Kwa visu vya mpini wa mbao kuna sababu ya nne. Mbao zikinyonya maji hufura na kuubana ubapa. Jambo hili linajulikana vyema Savoie, Ufaransa, ambako Joseph Opinel alianza kutengeneza visu vya kukunja mwaka wa 1890. Wakulima wa huko hugonga kidogo kitako cha mpini kwenye kitu kigumu, ubapa ukajitokeza, kisha wakauvuta kwa vidole. Meno hayahitajiki.

Namna ya kukilainisha

Kwanza, makali yafunikwe kwa selotepu nene au kipande cha ngozi kilichofungwa vizuri. Kazi ifanywe mtu akiwa ameketi, mezani, watoto wakiwa mbali. Kisu kisifunguliwe kikiwa kimeelekezwa kwenye paja au kiganja.

Pili, kisu kioshwe. Maji ya uvuguvugu yenye sabuni na mswaki wa zamani hutosha. Kiungo kisuguliwe huku kisu kikifunguliwa na kufungwa ndani ya maji hadi uchafu mweusi uishe kutoka. Kisu cha mpini wa mbao kisilowekwe. Kifutwe kwa kitambaa chenye unyevu. Kisha kikaushwe kabisa, kwa maana maji yakibaki kwenye kiungo huleta kutu, na kutu hurudisha ugumu uleule.

Tatu, tone moja la mafuta ya cherehani litiwe kwenye kiungo. Tone moja, si kijiko. Mafuta ya kupikia hayafai kwa sababu huganda yakawa kama gundi. Oili iliyotumika kwenye injini nayo haifai, kwa sababu ina masizi na chembe za chuma. Kisu kinachokata chakula kipanguswe vizuri baada ya kutiwa mafuta, na ubapa uoshwe kabla ya kutumika.

Nne, kifunguliwe na kufungwa polepole, mara hamsini hivi. Mafuta meusi yakitoka yapanguswe, tone jingine litiwe, na kazi irudiwe kesho yake. Hapa ndipo subira inapohitajika. Vyuma hulainishana vyenyewe kwa kusuguana. Anayetia mchanga au kupiga tupa kwenye kiungo ili amalize kwa siku moja anakiharibu kisu, kwa sababu chuma kikishaliwa hakirudi.

Tano, kama kiungo kina skrubu, ilegezwe kidogo sana, kisha kisu kijaribiwe. Ubapa ukianza kuyumba huku na huku, skrubu imelegea mno, irudishwe. Kama kina ribiti, isigongwe kwa nyundo nyumbani. Kazi hiyo ni ya fundi.

Kisu laini si kisu kilicholegea

Wengi hukosea hapa. Wakiona kisu ni kigumu, hupinda springi au kukwangua komeo ili kifunguke upesi. Kinafunguka kweli, lakini pia kinajifunga chenyewe mtu akiwa kazini, na vidole viko njiani. Kisu kilicholainishwa vizuri hufunguka bila kukwama, hakijifungui mfukoni, na komeo lake hushika. Ili kulijaribu komeo, mgongo wa ubapa ukandamizwe taratibu kwenye ubao, vidole vyote vikiwa mbali na njia ya makali. Likiachia, kisu hicho kisitumike.

Kisu kikibaki kigumu baada ya wiki ya kuoshwa na kutiwa mafuta, huenda kina kasoro ya kiwandani. Kirudishwe dukani pamoja na risiti. Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya kinampa mtumiaji haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaofaa, na Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 inaisimamia haki hiyo. Kwa hivyo risiti ya kisu isitupwe, hata kama bei yake ilikuwa ndogo.

Vumbi, miti na mifugo

Kajiado ni kaunti ya vumbi, hasa wakati wa kiangazi. Mafuta yakizidi hushika vumbi na kugeuka tope ndani ya kiungo. Kisu kifunguliwe na kupanguswa mara moja kwa wiki, na mfuko unaokibeba ukung'utwe.

Kwa vijana wa vitalu wanaopandikiza miembe, miparachichi au mawaridi, ubapa unapaswa kuwa safi na mkali, maana mkato uliochanika haushikani vizuri. Ubapa upanguswe kwa spiriti kabla ya kuhamia mti mwingine. Wafugaji wanaokata kwato nao wausafishe kabla ya kumshika mnyama mwingine, ili wasihamishe ugonjwa.

Mtu akijikata

Kidonda kibanwe kwa kitambaa safi na mkono uinuliwe juu. Damu ikipungua, kioshwe kwa maji safi yanayotiririka na sabuni. Kisipakwe udongo, samadi wala majani. Vijidudu vya pepopunda huishi kwenye udongo na kinyesi cha wanyama, kwa hivyo anayejikata zizini aende kituo cha afya kilicho karibu akaulizie chanjo, hata kama kidonda ni kidogo. Damu isiyokoma, au kidole kisichokunjika au kilichokufa ganzi, ni jambo la kwenda hospitali mara moja.

Kisu ni chombo cha kazi, kwa hivyo kibaki kazini. Kanuni ya Adhabu inakataza kutembea na silaha hadharani bila sababu halali kwa namna ya kuwatisha watu. Sokoni, kwenye matatu na mikutanoni, kikae kimefungwa mfukoni au kiachwe nyumbani.

Wahenga walisema mtoto akililia wembe, mpe. Kwa kisu cha kukunja, asipewe. Asubiri akue, afundishwe, na siku akipewa cha kwake, aonyeshwe kwanza sabuni, mswaki na tone la mafuta.