Mtoto Asilale Kabla Chakula Hakijaiva

(Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia)



Tumeombwa tuzungumze juu ya kutayarisha chakula mapema. Wengine wenu mnacheka, mkisema hayo ni mambo ya watu wa mjini wenye friji. Lakini jambo hili ni la zamani kuliko friji. Someni Kutoka sura ya 16. Siku ya sita wana wa Israeli waliokota mana ya siku mbili, wakaoka na kupika mapema ili wapumzike siku ya Sabato. Ila walioweka siku nyingine walikuta mabuu na uvundo asubuhi. Kumbe kuna kuweka kunakosaidia na kuna kuweka kunakooza.

Tuanze na shida yenyewe. Mama anatoka shambani saa kumi na moja jioni, anapitia kisimani, anawasha moto saa kumi na mbili na nusu. Maharagwe makavu yasiyolowekwa hutaka saa mbili, hata tatu. Yakiwa pamoja na mahindi makavu, yaani githeri, ni zaidi ya hapo. Chakula kinaiva usiku sana, na mtoto wa miaka miwili amekwisha kulala. Akiamshwa anakula vijiko viwili, analala tena. Wiki zikipita hivyo, mtoto anakonda katika nyumba ambayo ghala lake lina chakula. Kule kliniki kadi inaonyesha uzito haupandi, nasi tunatafuta ugonjwa, kumbe ni saa ya kula tu.

Dawa ya kwanza haina gharama: kuloweka. Tuloweke maharagwe usiku, asubuhi tumwage yale maji, tusuuze, tuweke maji mapya. Yataiva upesi na kuni zitapungua. Wengi hutia magadi ili yalainike. Ni kweli yanalainika, lakini magadi huharibu vitamini, kwa hiyo aliyeloweka aachane nayo. Na ile siku tunayojua tutachelewa sokoni, tupike ndengu, maana zenyewe huiva upesi hata bila kulowekwa.

Kuchambua nako kufanywe mchana. Mahindi yanayochambuliwa usiku kwa taa ndogo hayaonekani vizuri, na punje yenye ukungu si jambo la kupuuza. Mwaka wa 2004, pande za Makueni na Kitui, watu zaidi ya 100 walikufa kwa sumu ya ukungu iliyokuwa katika mahindi. Sumu hiyo haiishi kwa kuchemshwa, hata tukichemsha kutwa nzima. Punje iliyobadilika rangi au kuoza itupwe, na kuku pia wasipewe. Tena kuchambua peke yake hakutoshi: mahindi yakaushwe vizuri juu ya turubai, si juu ya udongo, kabla ya kuingia ghalani. Kazi ya kuchambua si ya mama peke yake. Baba aliyekaa chini ya mti akingoja chai ana mikono miwili kama sisi.

Sasa tuje kwenye kikapu, ambacho wengi mmekiulizia. Ni kikapu kikubwa, au hata katoni, kilichojazwa nguo kuukuu, blanketi lililochakaa au majani makavu ya migomba, na katikati pana nafasi ya kuitosha sufuria. Juu tunafunika kwa mto mnene. Tukiinjika maharagwe yaliyolowekwa, yachemke kwa nguvu nusu saa, kisha sufuria iingie kikapuni na kifuniko chake ikiwa bado inachemka. Twende shambani. Baada ya saa nne au tano tutakuta yameiva, au yamebakiza kidogo, na bado ni moto. Tuchemshe tena, tukaange na kitunguu, tule mapema.

Ile nusu saa ya kuchemka isipunguzwe kwa sababu ya haraka. Maharagwe, hasa mekundu, yana sumu yake ya asili ambayo huvunjwa na maji yanayochemka kwa nguvu. Yakipata joto la kikapu tu, yanaweza kulainika na bado yakamtapisha mlaji. Sufuria iwe karibu kujaa, kwa maana iliyo nusu hupoa upesi. Na watoto waambiwe wasifungue kuchungulia!

Chakula kilichokwisha kupikwa kinataka kukaa moto au kukaa baridi. Adui ni vuguvugu. Bila friji, chakula kilichopoa kisipite saa mbili mezani. Tupime tunachopika, chakula cha jioni kiishe jioni. Huenda tumezoea kiporo cha wali au cha githeri yenye viazi, lakini mtoto mdogo asipewe.

Mboga ni kinyume kabisa cha maharagwe. Sukuma wiki iliyokatwa jana na kulowekwa majini imepoteza vitamini nyingi. Tuioshe kwanza, ndipo tuikate, na mara moja iende motoni, isikae sana. Tukitaka mboga ya miezi ya kiangazi, tuchume majani ya kunde wakati wa mvua, tuyachovye katika maji yanayochemka dakika mbili au tatu, tuyaanike kwenye kichanja chenye kivuli na upepo. Jua kali huua vitamini A. Yakikauka hadi yavunjike mkononi, yawekwe katika debe kavu lenye kifuniko.

Vikapu tushone kwa pamoja, kila kikundi nyumbani kwa mwanachama mmoja, kama tunavyofanya na michango yetu. Tuanze na nyumba zenye watoto wa chini ya miaka mitano. Kila mtu aje na nguo kuukuu zilizofuliwa, sindano ya gunia, na ile sufuria anayopikia kila siku pamoja na kifuniko chake, kwa sababu kikapu hushonwa kwa kipimo cha sufuria.